Siku Moja Maishani Mwangu: Kurudisha Chakula Mashambani Kando ya Mto Nyamwamba

Saa moja asubuhi. Mimi ni mshauri wa kilimo wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, na kwa sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuzisaidia kaya zilizopoteza mazao mto ulipofurika msimu wa mvua uliopita. Nyamwamba huteremka kutoka milima ya Rwenzori, hupita Kilembe na mji wa Kasese, kisha huelekea Ziwa George. Ulivunja kingo zake Mei 2013, ukarudia Mei 2020 pamoja na mito ya jirani, na mara zote mbili hospitali ya Kilembe iliharibiwa vibaya. Magazeti huandika juu ya madaraja na majengo, lakini mihogo iliyooza ardhini haipigwi picha, nayo ndiyo iliyokuwa akiba ya chakula ya watu hawa.

Kabla ya kwenda popote nafungua vitambaa vya majaribio ya mbegu. Kutoka katika kila shehena ya maharage tunayoletewa tunahesabu mbegu mia moja, tunazipanga juu ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, tunakiviringisha na kukiweka mahali penye joto kwa muda wa wiki moja hivi. Kitambaa cha kwanza leo kina miche iliyonyooka, yenye mizizi myeupe na vinyweleo vyembamba. Cha pili kinatoa uvundo hata kabla sijakifungua chote. Zaidi ya robo ya mbegu zimeoza, na nikizigusa zinateleza na kuacha ganda kidoleni. Nampigia simu muuzaji na kumwomba aje kuchukua shehena yake. Analalamika kwamba magunia yake yana lebo na yamefungwa vizuri, nami namjibu kwamba mkulima hapandi lebo. Mvua za msimu wa pili huanza Agosti na hupungua kuelekea Desemba, kwa hiyo mtu anayegundua wiki ya tatu kwamba mbegu zake hazikuota huwa amekwisha kuupoteza msimu, tena baada ya kupoteza ule uliotangulia.

Saa tatu. Nimefika kwa bodaboda katika shamba la mama mmoja aliyeolewa hapa kutoka upande wa Kongo, ambaye kabla ya mafuriko alikuwa akiuza unga wa mihogo katika soko la Mpondwe. Wakulima wengine huzungumza nami kwa Lhukonzo. Yeye huzungumza Kiswahili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu uone jangwa langu.”

Tunatembea juu ya mchanga wa kijivu uliochanganyika na mawe ya mviringo. Namwomba jembe, nachimba mahali patatu. Karibu na nyumba mchanga una kina cha shubiri moja, na chini yake udongo mweusi wa zamani bado upo, una unyevu na hata minyoo. Upande wa mto nachimba hadi mkono wangu unaingia kufikia kiwiko bila kuugusa udongo huo. Hayo ni mashamba mawili tofauti, ingawa mpaka wake ni mmoja. Pale penye shubiri moja atalima kwa kina ili mchanga uchanganyike na udongo wa chini. Pale penye kina kirefu kufukua kote ni kumtesa mtu bure. Ni afadhali achimbe mashimo, atoe udongo wa zamani, auchanganye na samadi, kisha apande humo humo. Sehemu ya kati, yenye mchanga wa wastani, inafaa kwa matuta ya viazi vitamu, maana viazi havichukii mchanga.

Ananiuliza atakula nini wakati akisubiri, na swali hilo ndilo linalopanga kila kitu. Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Maharage ya muda mfupi hukomaa kwa miezi miwili na nusu hivi, na viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa vyenye vitamini A, kwa miezi minne au mitano. Mihogo huhitaji karibu mwaka mzima, kwa hiyo pando zake zinapaswa kuingia ardhini sasa, pamoja na vile vingine. Tunachagua NASE 14 na NAROCASS 1, aina za mihogo zilizotolewa na watafiti wa NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, kwa sababu zinahimili ugonjwa wa batobato vizuri kuliko mihogo mingi ya zamani.

Kuna jambo moja ninalolisisitiza kila ninapofika bonde hili. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulifanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982, na mto umekuwa ukimega mabaki yake na kuyabeba hadi mashambani. Watafiti wamekuta madini mazito katika udongo na hata katika baadhi ya vyakula vya eneo hili. Kwa hiyo mchicha wa watoto upandwe juu karibu na nyumba, katika udongo ambao maji ya mto hayakuufikia, hata kama bustani itakuwa ndogo.

Saa sita mchana. Mkutano wa kijiji unafanyika chini ya mwembe, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaufungua kwa sala. Hoja ni ile ile inayojirudia kila mahali: watu wagawiwe chakula au mbegu? Mzee mmoja anasimama na kusema kwamba akipewa maharage ya kupanda ilhali wajukuu wana njaa, jioni hiyo hiyo yatakuwa chunguni. Anasema kweli, na ndiyo sababu nimekuwa nikiwasisitizia wafadhili wetu wasitenganishe mambo haya mawili. Chakula na mbegu vitolewe siku moja, kwa kaya ile ile, na chakula kitoshe kuwafikisha watu kwenye mavuno ya kwanza. Chakula peke yake kinaiacha familia pale pale ilipokuwa, na mbegu peke yake ni kumwomba mama awanyime watoto wake.

Tunakubaliana pia kwamba kila kaya itapewa vocha na kuchagua mbegu yenyewe siku ya soko, kwa wauzaji ambao mbegu zao zimefaulu majaribio. Anayejua kama shamba lake ni la maharage au la karanga ni yule anayelilima.

Saa nane. Wanawake wananionyesha vipande vya mihogo iliyookolewa majini vikikauka juu ya turubai, na hapa nakaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Njaa huwafanya watu wafupishe kuloweka na kuanika, na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri ina sumu ya sayanaidi. Septemba 2017, katika wilaya hii hii, watu 98 waliugua baada ya kula unga wa mihogo wenye sumu hiyo, na wawili wakafariki. Baadhi ya wanawake hawa wanaikumbuka siku hiyo kuliko mimi. Tunapitia tena hatua zote: kumenya, kuloweka siku kadhaa mpaka mihogo ilainike, kumwaga maji, kuanika hadi ikauke kabisa, ndipo isagwe. Unga wa bundu, yaani ugali wa mihogo, usionunuliwa kwa mtu anayefahamika uachwe, hata bei yake ikiwa nafuu.

Saa kumi. Tunapima ukingo wa mto. Kanuni za mwaka 2000 zinazuia kulima karibu na mto, mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa na mita 30 kwa mingine, lakini mwenye nusu eka kando ya maji hana pa kurudi nyuma. Tumekubaliana ukingo upandwe mianzi na mabingobingo, na majani hayo yakatwe kulisha mbuzi.

Saa kumi na mbili jioni. Nampigia mkulima anayetuzalishia marando ya viazi. Anataka kuyakata yote kesho ili lori lijae, lakini marando yaliyokatwa yanapaswa kupandwa ndani ya siku chache, tena yakitunzwa kivulini, na vijiji vingi bado havijainua matuta. Tunakubaliana akate ya vijiji viwili vilivyo tayari, lori liende nusu tupu, na gharama ya safari ya pili nitaiandikia maelezo usiku huu.