Nani Anapaona Hapa?

Niliporwa mkoba kwenye ngazi za jengo nililokuwa nikiishi, saa moja na nusu jioni, vidato 14 kabla ya kufika mlangoni kwangu. Idadi hiyo naijua kwa sababu wiki iliyofuata nilirudi pale na futi mkononi nikapima, kama ninavyopima kazini. Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo.

Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu ngazi ilikuwa inageuka, na pale inapogeuka palikuwa na nguzo ya zege yenye upana wa sentimita 60. Nyuma yake palibaki upenyo wa karibu mita moja, ambao zamani ulipitisha bomba la kutupia taka. Bomba lilishang'olewa, nafasi ikabaki. Dirisha la pale lilikuwa la matofali ya kioo chenye ukungu: mwanga unapita, lakini aliye nje haoni ndani na aliye ndani haoni nje. Taa ilikuwa imeungua siku nyingi. Yule kijana alisimama kwenye ule upenyo, nami sikumwona mpaka bega langu lilipompita. Akavuta mkoba, akashuka. Hakukimbia. Hilo liliniuma kuliko mkoba wenyewe. Alishuka kwa mwendo wa mtu anayetoka kwake, kwa sababu alijua hakuna mlango wala dirisha hata moja lililoielekea ile ngazi.

Nilipiga kelele, majirani wakatoka. Watu wema kabisa. Waliniketisha, wakaniletea maji. Halafu yakaja maswali: kwa nini ulipita peke yako, kwa nini mkoba uliutundika begani, ulichelewa wapi. Hakuna aliyeuliza kwa nini ile nguzo iko pale. Na jibu nilikuwa nalo. Iko pale kwa sababu mtu fulani, amekaa mezani mchana kweupe, aliona ni rahisi kuishusha pale, akaendelea na mchoro wake. Nalijua hilo kwa kuwa hata mimi nimechora nguzo za namna ile.

Tangu siku hiyo kila ramani inayopita mikononi mwangu naikagua kwa penseli nyekundu. Naiweka ncha kwenye mlango mkuu, naitembeza taratibu hadi kwenye kila mlango wa nyumba, na kila kona naandika swali lile lile: nani anapaona hapa? Simaanishi kamera. Kamera ingenionyesha kesho yake jinsi nilivyoporwa. Namaanisha mtu mwenye shughuli zake, anayepika, anayeanika nguo, anayemsubiri mtoto, ambaye akiinua macho tu anamwona aliyesimama nyuma ya nguzo. Na aliyesimama pale anajua kwamba anaonekana.

Swali hili lina wenyewe. Mwaka 1961 Jane Jacobs, mwandishi aliyekuwa akiishi Hudson Street jijini New York, alieleza kwamba amani ya mtaa hailetwi kwanza na polisi, inaletwa na macho ya watu wa mtaani wenyewe. Alisimulia alichokiona siku moja kutoka dirishani kwake. Mwanamume alikuwa anavutana na mtoto wa kike wa miaka minane au tisa, mtoto amekakamaa, hataki kwenda. Jacobs anawaza afanye nini, mara anaona mwanamke wa buchani ametoka na kusimama karibu. Wanaume wawili wametoka baa. Muuza matunda, fundi wa kufuli na mwenye duka la dobi nao wako nje, na juu madirishani watu wanachungulia. Yule bwana alikuwa amezingirwa pande zote na hana habari. Mwisho ikajulikana kuwa ni baba wa mtoto. Nakipenda kisa hiki kwa sababu hiyo hasa: hapakuwa na mhalifu, na bado mtaa ulikuwa macho. Miaka kumi baadaye, mwaka 1971, mtaalamu wa masuala ya jinai C. Ray Jeffery aliipa fani hii jina lake, kuzuia uhalifu kwa usanifu wa mazingira. Lakini jambo lenyewe wenye mitaa walilijua zamani. Macho hayana pazia.

Kazini, ugomvi wangu mkubwa ni ukuta. Alinijia mzee mmoja, nyumba yake ameshaimaliza kichwani: ukuta wa mita tatu kuzunguka kiwanja chote, geti la bati zima, seng'enge juu. Alikuwa ameibiwa mara mbili, na hofu yake niliielewa kuliko alivyodhani. Akaniambia, "Mwanangu, nataka mtu akipita nje asione hata kitasa cha mlango."

Nikamwomba tusimame pale ambapo chumba chake cha kulala kitakuwa. "Mzee," nikamwambia, "tuseme mwizi ameshauruka ukuta. Yuko chini ya dirisha lako hapa, ameshika msumeno, anakata nondo. Jirani yuko pale kibarazani kwake. Anamwona?"

Akatazama upande wa jirani, akatazama upande wa njia, akanyamaza kwa muda. "Na nikipiga kelele?"

"Watasikia. Lakini hawatajua waje upande upi, wala watakuta watu wangapi."

Ukuta mrefu humchelewesha mwizi kwa muda wa kuegemeza ngazi tu. Akishatua ndani, ukuta unakuwa wake. Unamsitiri, unamkatia kelele, unampa nafasi ya kufanya kazi bila papara. Tulikaa na yule mzee siku tatu. Mwisho tukakubaliana mbele pawe na uzio wa nondo za wima juu ya kitako kifupi cha tofali, macho yapenye kutoka pande zote mbili. Maua ya ua yakatwe yasizidi kiuno, na mti mmoja aliokuwa anaupenda ubaki ila matawi ya chini yaondolewe mpaka juu ya kichwa cha mtu mzima, ili kati ya maua na matawi pabaki wazi. Dirisha la jiko nililihamishia mbele, likatazama geti. Jikoni ndiko mtu husimama kwa miguu yake muda mrefu, mikono ina kazi lakini macho yako huru. Sebuleni watu wameipa televisheni nyuso zao. Upande wa nyuma alibaki na ukuta wake wa mita tatu, sikumshinda huko, na nilimwachia kwa sababu mtu anastahili pia mahali pa kukaa bila kutazamwa.

Kuna jambo nililichelewa kulielewa. Mtu anaweza kuona na bado akageuza uso, kama anahisi pale si pake. Hilo ndilo alilolishika Oscar Newman, msanifu majengo aliyekuwa akifundisha St. Louis, Marekani, karibu na mradi wa nyumba za umma wa Pruitt-Igoe. Yalikuwa majengo 33 ya ghorofa 11 kila moja, makazi yapatayo 2,870, kazi ya msanifu Minoru Yamasaki, yaliyokamilika katikati ya miaka ya 1950. Lifti zilisimama kwenye baadhi ya ghorofa tu, kwa hiyo watu wengi walilazimika kumalizia safari kwa ngazi, ngazi zisizoonekana na yeyote. Najua ngazi hizo zilikuwaje hata bila kufika. Newman aliona kwamba pale ambapo familia mbili tu zilichangia kipande cha mbele ya milango yao, palikuwa safi na pametunzwa. Korido za familia 20 ziliharibika, na lobi, lifti na ngazi za familia 150 zilikuwa balaa. Watu ni wale wale, jengo ni lile lile; kilichobadilika ni idadi ya wanaoweza kusema "hapa ni petu". Ubomoaji ulianza mwaka 1972, mwaka ambao Newman alichapisha hoja zake, na kufikia 1976 hakuna jengo lililobaki limesimama.

Siwezi kukisimulia kisa hicho kana kwamba zege ndilo lililokuwa na hatia peke yake. Jiji lilikuwa linapoteza watu na ajira, wapangaji walikuwa maskini, na matengenezo yalitegemea kodi zao hao hao. Mchoro mzuri usiotengenezewa taa iliyoungua ni mchoro mbaya. Ila Newman alinifundisha kuhesabu milango. Siku hizi sizidishi milango minne kwa kila kipande cha ngazi, na yote naielekeza kwenye ngazi. Pale ngazi inapogeuka naweka dirisha la kioo cheupe, si cha ukungu, kinachotazama uwanjani.

Kuhusu taa nitasema machache. Jijini New York mwaka 2016 yaliwekwa mataa makubwa ya muda kwenye mitaa ya nyumba za umma iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takriban asilimia 36. Ni kiasi kikubwa. Lakini taa kali moja juu ya mlingoti mrefu huzaa kivuli cheusi nyuma ya kila kitu, na humchoma macho anayekuja. Mimi huomba taa kadhaa za wastani zinazogusana mianga, kiasi cha mtu kuusoma uso wa mwenzake akiwa hatua 15 mbele, angali na muda wa kugeuza njia.

Kilichonipa moyo zaidi ni kilichofanyika Philadelphia, Marekani, kwa jinsi kilivyo kidogo. Watafiti walichukua viwanja vitupu 541 vilivyojaa taka na magugu. Baadhi, vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao wenye nafasi za kupita. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: katika mitaa ya watu maskini zaidi, ukatili wa bunduki ulipungua kwa asilimia 29. Huo uzio nimeufikiria sana. Haumzuii yeyote, mtoto anauruka. Unachofanya ni kumwambia kila apitaye kwamba mahali hapa kuna mtu anapajali, na kisha unamwachia nafasi aingie akae. Khayelitsha, mtaa wa Cape Town nchini Afrika Kusini, walijenga vijumba virefu vyenye taa kando ya njia wanazopita watu kwa miguu, na juu yake anaishi mlinzi-mtunzaji. Usiku unatoka kwenye taa moja ukiiona inayofuata, na unajua ndani kuna mtu ambaye pale ndipo nyumbani kwake.

Ndiyo maana nachukia vile viti vya bustanini vilivyogawanywa kwa vyuma ili maskini asijilaze, na vile vijiwe vyenye ncha chini ya madaraja. Vinauzwa kwa jina la usalama, na kazi yake ni kufukuza watu. Bustani iliyofukuza watu imefukuza na macho yao. Nikipewa kazi ya kuchora kitu hicho naikataa, na nimeshaikataa mara moja.

Mwezi uliopita nilipita kwenye jengo nililolichora miaka minne nyuma, la ghorofa tatu, milango minne kila ghorofa. Jua lilikuwa linazama. Nilisimama uwanjani nikitazama juu, kuona kama vioo vya ngazi vimebaki vyeupe au wamevipaka rangi. Vilikuwa vyeupe, na mtu aliyekuwa anapanda alionekana wazi kuanzia kiunoni hadi kichwani. Sikumaliza hata dakika mbili. Mvulana wa miaka kama kumi alisimamisha mpira kwa mguu akanijia. "Shikamoo. Unamtafuta nani?" Nyuma yake, dirisha la jiko la ghorofa ya kwanza lilifunguka, mama mmoja mwenye mwiko mkononi akainamia nje, hasemi kitu, ananitazama tu.

"Marahaba, mwanangu," nikajibu, kwa sauti ya kumfikia na mama. "Simtafuti mtu. Nilikuja kuangalia ngazi."

Mama hakuondoka dirishani mpaka nilipotoka getini.