Kuisoma feri kuukuu ya Likoni kwa kamera na daftari

Picha nyingi za feri ya Likoni, kivuko kati ya kisiwa cha Mombasa na bara la kusini, ni za umati. Abiria wamebanana, mikokoteni, tuktuk, na nyuma yao kipande cha chuma cheupe kisichojulikana hata ni cha feri gani. Kama kumbukumbu ya mji zina thamani yake, ila anayetaka kujua chombo kinazeeka vipi hazimsaidii. Uzee wa feri hauonekani katika picha moja. Unaonekana katika picha mbili za sehemu ileile, kutoka mahali palepale, maji yakiwa kimo kilekile, zilizoachana kwa miezi kadhaa. Mengi yaliyo hapa chini yanahusu namna ya kuzipata picha hizo mbili.

Kwanza tujue tunatazama nini. MV Nyayo, MV Harambee na MV Kilindini ni ndugu wa rika moja, zilianza kazi 1990. MV Likoni na MV Kwale zilikuja 2010 kutoka Ujerumani, kisha MV Jambo ikaletwa 2017 kutoka Uturuki. Rika la 1990 ndilo linalowavuta wapenzi wa vyombo, na si ajabu: chuma kilichokula chumvi zaidi ya miaka thelathini kina mengi ya kusema. Usizitambue kwa rangi, maana rangi hubadilika kila chombo kinapotoka gudini, yaani pale kinapopandishwa kutengenezwa. Soma jina ubavuni, na kama jina limefifia, linganisha umbo la chumba cha nahodha na mabomba ya moshi.

Hizi ni feri za ncha mbili. Kila ncha ina rampu, yaani ule mlango mzito wa chuma unaolazwa juu ya zege ili magari yapite, kwa hiyo omo (mbele) ya safari hii ndiyo tezi (nyuma) ya safari ya kurudi. Katika daftari usiandike “mbele” na “nyuma”, utajichanganya ndani ya nusu saa. Andika “ncha ya kisiwani” na “ncha ya Likoni”. Muda mwingi feri haigeuki kabisa, hivyo rampu ya Likoni ya leo itakuwa ya Likoni kesho pia. Lakini ikishatoka kwenye matengenezo hakikisha upya, kwa sababu huenda imerudi imegeuzwa.

Pa kusimama ni upande wa kisiwani, kando ya Mama Ngina. Barabara ile inafuata ukingo wa kusini wa kisiwa, kutoka Ras Serani kwenye mlango wa bahari hadi karibu na kituo cha feri. Ukiwa mashariki ya kituo unazitazama feri ukielekea magharibi, na jua la asubuhi liko mgongoni mwako. Jioni mambo yanageuka: jua linashuka nyuma ya feri na unachopata ni kivuli cheusi chenye ukingo wa dhahabu. Picha nzuri ya ukutani, lakini kutu huioni. Karibu na kituo lenzi ya milimita 70–200 inatosha. Ukirudi nyuma kuelekea Ras Serani utataka 300 au zaidi.

Msimu nao una neno lake. Mombasa iko karibu digrii 4 kusini ya ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la adhuhuri linakaa upande wa kaskazini, nyuma ya mtu aliyesimama kisiwani akitazama Likoni. Disemba limehamia kusini na linakupiga usoni. Kwa picha za ukaguzi, zile za bamba na maungio, miezi ya katikati ya mwaka ndiyo yenye mwanga bora, ingawa kusi huleta mawingu na manyunyu. Wakati wa kaskazi hewa ni safi zaidi asubuhi, lakini jua likipanda, joto linalotoka kwenye zege hufanya picha ya lenzi ndefu icheze kama inatazamwa kupitia mvuke wa sufuria. Kuanzia saa 4 asubuhi hivi, picha ya mbali ya namba ndogo ni kazi bure, hata lenzi iwe ya bei gani.

Sasa maji. Hapa ndipo wageni wengi wa kazi hii wanapokosea. Tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa wakati wa bamvua hufika karibu mita 4 kwa kubwa zaidi, na wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hupungua mno. Pwani yetu ina mpango unaokaririka kirahisi: siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake. Kila siku nyakati husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mamlaka ya bandari hutoa jedwali la maji, na hilo ndilo la kutegemea, wala si kukisia kwa macho.

Maji yanahusu nini na picha? Feri haiji kusimama sehemu moja. Hufuata mteremko wa zege mpaka inapopata kina cha kuiegemea. Maji yakiwa yamepwa inatua chini kabisa, rampu inalala juu ya zege lenye mwani wa kijani na utelezi, na magari yana mlima mrefu wa kupanda. Magari ya chini hukwaruza tumbo kwenye kona ya bawaba, malori hutafuta mshiko, na magurudumu ya bodaboda huzunguka patupu. Maji yakijaa, safari ileile inaonekana ya kistaarabu. Ukilinganisha picha ya rampu ya maji makavu na ya maji yaliyojaa utadhani rampu imepinda, kumbe ni pembe tu. Kwa hiyo kila picha ya kulinganisha iandikie kimo cha maji, na usilinganishe mbili zilizotofautiana zaidi ya nusu mita.

Nafasi ya kivukoni ni kama mita 500, na mkondo una nguvu. Maji yakijaa yanakimbilia ndani kuelekea Kilindini, yakipwa yanatoka baharini. Nahodha hukabili mkondo kwa kuelekeza ncha ya chombo kidogo kule maji yanakotoka, hivyo feri huvuka ikiwa imekaa mshazari. Pembe hiyo ni zawadi kwa mpiga picha, kwa sababu mwanga hupita sambamba na bamba badala ya kulipiga uso kwa uso. Hapo mataruma, yaani mbavu za ndani zinazoshikilia bamba, hujitokeza: bamba lililochoka huwa limebonyea katikati ya taruma na taruma, na kwa sekunde chache ubavu mzima huonyesha mistari kama mbavu. Kwa mwanga wa kupiga moja kwa moja huoni kitu. Sehemu ya kwanza ya safari, feri inapoachana na zege na kuanza kukaa mshazari, ndiyo ya kusubiri. Piga mfululizo wa picha tano au sita, kisha chagua.

Ikiwa imetua, tazama maji upande wa pili, ule wa nje. Yanachemka. Feri hizi hujishikilia kwenye zege kwa kusukumwa na injini muda wote magari yanapopanda na kushuka. Yaani hata “ikiwa imesimama”, mashine iko kazini. Ndiyo maana injini za chombo cha safari fupi huchoka mapema kuliko mtu anavyodhani: kuongeza na kupunguza moto mara nyingi kwa saa, safari baada ya safari, na kupoa hakuna.

Moshi unasema mengi, ila usiupime kwa mtazamo mmoja. Mweusi ni mafuta yasiyoungua yote: ea klina imeziba, nozeli zimechakaa, au injini imebebeshwa kuliko uwezo. Pumzi moja nyeusi wakati wa kuondoka ni ya kawaida, moshi mweusi katikati ya mkondo siyo. Wa buluu ni oili inaungua, mara nyingi ringi za pistoni au miongozo ya valvu (mafundi huiita gaidi). Mweupe asubuhi injini ikiwa baridi si jambo, lakini mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto unaweza kuwa maji yameingia mahali pasipo pake. Andika unatoka bomba lipi. Picha ya moshi ipigwe ukiwa na kitu cha giza nyuma yake, kwa mfano miti ya ng’ambo. Moshi mweupe mbele ya mbingu nyeupe haupo.

Rampu ndiyo sehemu inayozeeka haraka kuliko zote. Kwenye ulimi, pale chuma kinapogusa zege, tazama kama ukingo bado ni mstari ulionyooka au umeliwa na kupinda pembeni. Kwenye bawaba, tazama michirizi ya kutu inayoanzia kwenye pini. Kwenye silinda za haidroliki, mng’ao wa mafuta kwenye fimbo ni dalili ya sili, yaani vizibo vya kuzuia mafuta, zilizochoka. Chumvi na mchanga hukwaruza fimbo, fimbo iliyokwaruzwa hukata sili, mafuta huvuja, na rampu huanza kushuka yenyewe au kupanda kwa kusuasua. Pima kwa saa: sekunde ngapi tangu rampu ianze kuinuka hadi isimame. Namba moja haina maana. Namba ishirini za feri ileile katika miezi mitatu zina maana kubwa. Andika pia kama feri iliondoka rampu ikiwa bado chini na ikakokota maji, na kama kuna kizuizi chochote kati ya gari la mwisho na bahari. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kinyumenyume kutoka MV Harambee katikati ya mkondo, mama na binti yake wakafa, na ilichukua siku 13 kulitoa gari. Huwezi kuitazama rampu ile kwa macho ya mapambo tu.

Kwa kina cha chombo, tafuta namba zilizochorwa karibu na ncha zote mbili. Zikiwa za mita, kila namba ina urefu wa sentimita 10 na kati yake na inayofuata kuna nafasi ya sentimita 10. Kina kinasomwa kwenye unyayo wa namba, si kichwani. Maji yakigusa unyayo wa 4, ni desimita 4 ya mita hiyo. Yakifunika namba yote, ni 5. Soma kati ya wimbi na wimbi. Lori linapopanda, ncha ya nchi kavu huzama, kisha hunyanyuka lori likifika katikati ya sitaha. Ncha isiponyanyuka, au ubavu mmoja ukabaki umelala, hilo ni la kuandikwa. Ajali ya feri ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, iliyoua watu 272, ilitokana na chombo kuzidiwa na kuyumba, na tangu hapo hakuna mtazamaji makini anayepuuza ulalo wa chombo upande mmoja.

Kamera yenyewe haina mambo mengi. Feri ni ya polepole, shata ya 1/250 ya sekunde inatosha ukiwa umesimama imara, 1/500 kwa lenzi ndefu. Rangi nyeupe ya juu huungua kirahisi, shusha mwanga kwa theluthi moja hadi theluthi mbili za stopu. Filta ya polaraiza hukata mng’ao wa maji na kufanya mstari wa majani chini ya rangi uonekane, lakini inakula mwanga wa stopu 1 hadi 2. Usiku taa za kituo huacha mistari kwenye picha ya simu. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo weka shata 1/50 au 1/100 na mistari itapotea. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mkoba kama nusu saa kabla ya kuifungua, la sivyo lenzi itavuta ukungu. Chumvi ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kwanza, kavu baadaye. Ukianza na kikavu unasugua kioo kwa mchanga.

Kuhusu ruhusa tusidanganyane. Kituo na sitaha ni maeneo ya ulinzi na walinzi watakuzuia, kwa hiyo piga kutoka Mama Ngina, mahali pa watu wote. Usielekeze lenzi Mtongwe, kuna kambi ya jeshi la wanamaji. Droni bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga sahau kabisa. Watu wasogezwe nje ya fremu kadiri inavyowezekana. Mama anayevuka na mtoto hakuja kuwa kielelezo cha kutu. Na kamba ya kamera izungushwe mkononi, penye umati pana vidole vyepesi.

Subiri pia meli kubwa. Meli za makontena zinazoingia Kilindini hupita katikati ya kivuko zikiwa na tagi, yaani vyombo vya kuzivuta na kuzisukuma, na feri hulazimika kungoja kwenye zege. Hapo unapata vipimo kwa fremu moja: ukuta wa chuma wa meli, na feri chini yake.

Picha ziitwe kwa tarehe, saa, jina la feri, ncha na kimo cha maji, kwa mpangilio huo, ili zijipange zenyewe kwenye folda. Feri ikipotea ghafla mkondoni, mara nyingi iko gudini kwa matengenezo. Ikirudi, iwahi ndani ya wiki ya kwanza kabla rampu haijakwaruza rangi mpya: viraka vya bamba vilivyochomelewa huonekana wazi wakati huo kwa mraba wa ukingo wao, na hapo ndipo utajua ni bamba zipi kati ya zile ulizozipiga zilikuwa mbovu kweli, na zipi zilipakwa rangi tu.