Ushauri si muhuri

Mimi ni kiziwi, na nimo katika bodi ya ushauri ya kozi ya chuo kikuu kuhusu ulemavu na ujumuishaji. Wenzangu ni wazazi, walimu, waajiri na wahitimu wa kozi yenyewe.

Kazi yetu ni kusoma mtaala na kuuliza. Nani atafundisha? Mbona ulemavu wa akili umepewa wiki moja tu? Tatizo ni kwamba mara nyingi rasimu hutufikia ikiwa imeshapita kamati zote. Hapo hatuombwi ushauri, tunaombwa muhuri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 4, unazitaka serikali zishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu kupitia vyama vyao. Ibara ya 24 inataja hata kuajiri walimu wenye ulemavu. Hiyo naitaja kila kikao, hadi katibu akiona nimeinua mkono anaanza kuandika.

Mkalimani wa lugha ya alama tunaye. Anayekosekana ni wa pili wa kupokezana naye, maana kikao kirefu humchosha mtu mikono na akili. Na posho, jamani! Profesa yuko kazini, mshahara unaingia. Mzazi ameacha shughuli zake, anapewa shukrani. Safari hii nimeomba ajenda ianze na hilo.