Kambare anakufa maji, mwachieni hewa

Jamani naomba niliseme hili maana huku Unguja naona wengi hawalijui, kambare anaweza kufa maji. Anavuta hewa hii hii tunayovuta sie, juu ya mashavu yake ana kiungo kimejigawa vitawi vitawi kama tumbawe, kimejaa damu, basi kila baada ya muda lazma apande juu ameze hewa. Ukimtia kwenye ndoo ukaijaza maji mpaka pomoni na kifuniko ukakibana, unamuua, hata maji yawe masafi vipi.

Mie nnae mmoja kwenye tangi la kioo, katoka bonde la mpunga. Usiku nyumba ikitulia namsikia, anapanda wima, ndevu zake nane mbele, anapiga funda moja la hewa, chup, kisha anageuka kushuka huku vipovu vinamtoka ubavuni mwa kichwa. Wallahi naweza kumtazama mpaka usingizi unishike. Kifuniko lazma kiwepo tena kizito, maana kambare usiku wa mvua anatambaa nchi kavu kwa miiba ya mapezi yake ya mbele, ila kati ya maji na kifuniko acha nafasi ya kiganja. Florida kule Marekani miaka ya 1960 kambare wa Asia waliwatoroka wafugaji hivyo hivyo, na mpaka leo wamejaa kwenye mitaro.

Gurami, samaki wa Asia, nao wanavuta hewa, wale wadogo wa rangi rangi ni wazuri kwa tangi la nyumbani. Lakini ile aina iitwayo gurami mkubwa usidanganyike na udogo wake dukani, anafika sentimita 70, Indonesia wanamfuga mabwawani na kumkaanga mzima mzima, huyo si wa kioo cha sebuleni.

Kwenye kula sasa, watu wetu wamezoea changu na nguru, ukiwatajia kambare wanakunja uso eti ananuka tope. Muweke siku mbili tatu kwenye maji masafi bila chakula, tope linamtoka. Ukishamchinja msugue kwa majivu au chumvi na ndimu mpaka ute wote uishe, mbanike kidogo juu ya makaa akauke ngozi, halafu tui zito, ukwaju, pilipili mbuzi moja nzima usiipasue. Nyama yake laini na miba midogo midogo haina, hata mtoto unampa bila wasiwasi.