Navyopima wali na kande ya wiki nzima nikihesabu kalori

Mi napika mara moja nakula siku kadhaa. Kazini natoka jioni na joto la Mtwara si mnalijua, ukifika nyumbani huna hata hamu ya kuwasha mkaa, kwahiyo Jumapili nabandika sufuria kubwa la wali na jingine la kande ya mbaazi, vikipoa nafungasha kwenye vikontena naingiza kwenye friji, basi. Kazi ilikuja nlipoanza kupunguza mwili nikawa naandika kila nnachokula kwenye apu ya simu. Mkate una lebo, maziwa yana lebo, sufuria la wali halina.

Kwenye apu ukiandika wali uliopikwa inakuletea kama kalori 130 kwa gramu 100. Sawa, ila huo ni wali mweupe wa maji na chumvi, na wangu una tui. Halafu wali wenyewe haufanani, leo umetoka wa kuchambuka, wiki ijayo maji yamezidi umetoka tepetepe, uzito umeongezeka na kalori ni zile zile kwasababu maji hayana kalori. Ndo nikaamua kitu kimoja: nahesabu kila kitu kikiwa bado kibichi, halafu nagawa kwa uzito wa kilichoiva.

Iko hivi. Mchele mkavu una kalori kama 360 kwa gramu 100, kwahiyo kilo 1 ni 3,600. Tui zito gramu 400, hilo nalihesabu 230 kwa gramu 100, linakuwa 920. Jumla 4,520. Sufuria langu tupu ni gramu 780, namba hiyo nimeiandika kwa maka pen kwenye mlango wa kabati maana huwezi kumwaga wali wote kila saa ili upime sufuria. Ukishaiva na kupoa kidogo naweka sufuria zima kwenye mizani, tuseme inasoma 3,480, natoa 780, wali ni 2,700. Nagawa 4,520 kwa 2,700, inakuja 1.67 kwa kila gramu. Sahani ya gramu 250 ni kalori kama 418. Ningefuata ile 130 ya apu ningeandika 325, yani kalori 90 na ushee zinapita kimya kimya kila sahani, na hapo hujagusa mchuzi wala samaki.

Mizani yenyewe ni zile ndogo za digitali za jikoni, nyingi mwisho kilo 5, angalia kabla hujapandisha sufuria. Shida yake nyingine sufuria kubwa linafunika kioo huoni namba, mi natanguliza bakuli imegeuzwa juu chini, nabonyeza kitufe irudi sifuri, ndo nakalisha sufuria juu ya bakuli, namba naisoma kwa chini. Na usiweke sufuria linalotoka motoni moja kwa moja, plastiki inalainika.

Sasa tui. Hapa nlikaa nikafikiria sana maana sisi watu wa pwani hatununui la kopo, tunakuna. Ukipima nazi iliyokunwa ukaihesabu yote (nyama ya nazi ni kama 354 kwa gramu 100) unajipunja, kwasababu mafuta mengine yanabaki kwenye chicha na chicha wanakula kuku. Ukipima tui nalo inategemea umekamua na maji kiasi gani. Nnachofanya, tui la kwanza nakamua na maji kidogo sana nalipima peke yake kwa ile 230, tui jepesi la pili naliingiza kama maji ya kupikia wala silihesabu. Kuna kalori pale najua, ila la kwanza nimelihesabu kwa ukarimu, wacha zifidiane. Mafuta ya kula ndo usiyaonee aibu, kijiko kimoja kikubwa ni kama kalori 120, pima hata kama unaona kinyaa.

Mama mkwe alivyonikuta na mizani akasimama mlangoni, "Mama Nasri, mnada wa korosho umehamia jikoni?" Nikamwambia mama, bora mizani kuliko kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kichochoroni unaopima kwa bakuli. Akacheka mpaka akakaa. Mtu wa huku huna haja ya kumweleza, bakuli likiitwa kipimo kuna mtu anaumia, na "kikombe kimoja cha wali" ni hivyo hivyo, ukishindilia na ukimwaga tu havilingani kabisa.

Kama hesabu zinakuchosha kuna njia fupi na mi ndo naitumia wiki za kubanwa. Gawa wali wote mafungu 10 yenye uzito sawa. Kilo 1 ya mchele mafungu 10, kila kikontena kina gramu 100 za mchele mkavu hata uwe tepetepe hata uwe mkavu, kwa mfano wangu ni kalori 452 kila kimoja. Uzuri wake wali wa friji unakauka kidogo kidogo unapungua uzito, ukipima gramu siku ya tatu haziendani tena na za Jumapili, ila fungu ni fungu. Nyumbani tuko wengi kwahiyo mafungu yangu natoa kwanza, yanayobaki kwenye sufuria sina habari nayo, na ukoko ni wa watoto. Ukoko sijisumbui nao, napima ukiwa humo humo.

Kande inataka moyo kidogo. Mahindi makavu na mbaazi kavu vyote viko kwenye 340 mpaka 365 hivi, kwahiyo hata upawa ukibeba mbaazi nyingi kuliko mahindi haiharibu, kinachoharibu ni mchuzi, ukichota juu umepata maji ukichota chini umepata chakula. Koroga mpaka chini ndo ugawe. Ugali ndo rahisi kuliko vyote, pima mfuko wa unga kabla ya kusonga na baada, iliyopungua ndo imeingia sufuriani.

Kingine, wali usiuache nje ulale ndo ufungashe asubuhi. Kuna vijidudu vinavumilia kupikwa, vikipata joto la huku vinazaliana na sumu yake hata ukipasha haitoki. Mi nautandaza kwenye sinia upoe haraka, napima, nafungasha, friji.

Mikindani kwa mama mkwe sibebi mizani. Tunakula sinia moja, nani atapima, na wali wake una tui la nazi mbili. Naandika 700 kwenye apu, nikiongezwa mnofu wa samaki changu naandika 800.