Ndimu zimeadimika Japani, sudachi zimejaa: nilivyojipanga Tokushima

Sisi watu wa Tanga samaki bila ndimu hatumli, na supu isiyokamuliwa kitu tunaiona ya mgonjwa. Nilipohamia Tokushima, kwenye kisiwa cha Shikoku, hilo ndilo lililoninyima raha jikoni. Ndimu dukani zilikuwepo, ila za kutoka ng'ambo, zinauzwa mojamoja kwa bei ya kukatisha tamaa. Tena kavu, unaikamua mpaka vidole vinauma, unaambulia matone.

Kumbe dawa ilikuwa mlangoni. Karibu sudachi zote za Japani zinatoka Tokushima hii hii. Ni tunda dogo la kijani linalochumwa bichi, msimu wake mkubwa Agosti hadi Oktoba. Likiachwa mtini linageuka manjano na uchachu unapungua, kwa hiyo watu hawasubiri liive. Wenyeji wanalikamulia kila kitu: supu ya miso, tambi za udon, samaki wabichi, na hasa sanma, samaki mwembamba wa msimu wa vuli anayechomwa mzima kwa chumvi. Nilipowekewa sanma na nusu ya sudachi pembeni, nikasema basi, hapa kilichokosekana ni ugali tu.

Sinunui sana madukani. Njiani kuna vibanda vya wakulima visivyo na muuzaji: unachukua mfuko, unatumbukiza hela kwenye kisanduku, unakwenda zako. Msimu ukipamba moto hata hiyo hela unabaki nayo, maana majirani wanakugawia mpaka unakosa pa kuweka.

Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo, kwao ni mkoa wa Oita, na watu wa Oita hawaambiliki kuhusu kabosu yao. Kabosu nayo ni ya kijani, lakini kubwa kuliko sudachi, maji mengi, uchachu wake mpole. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kukamua: likate kwa upana, kisha libane sehemu iliyokatwa ikitazama juu. Maji yanafurika na kuteremka kwenye ganda, yanachukua mafuta yake yenye harufu, na mbegu nyingi zinabaki ndani. Tangu hapo samaki namkamulia sudachi, kachumbari na mishikaki ya wageni wengi ni kabosu. Msimu ukikaribia kwisha nakamua za kutosha, nagandisha kwenye trei za barafu.

Achari ndiyo iliyonipa kazi. Sudachi nazichanja nne bila kuziachanisha, nashindilia chumvi, natia kwenye chupa na kuiweka dirishani. Septemba ni mwezi wa vimbunga, jua halina ahadi, kwa hiyo chumvi naiongeza mkono na chupa naigeuza kila asubuhi. Ganda lake jembamba linalainika upesi kuliko la ndimu. Zikishalainika natia pilipili, haradali na mafuta ya moto. Nimejaribu pia yuzu, ile ya manjano yenye ganda la mabonde mabonde. Maji yake haba, mbegu tele, na harufu yake inameza viungo vyote. Yuzu waachiwe Wajapani wenyewe: wanatwanga ganda lake na pilipili mbichi na chumvi, wanaita yuzu kosho. Kwa mhogo wa kuchoma, hiyo sina neno nayo.

Ya kula yenyewe yanafuata baadaye. Mwaka mpya watu hupamba kwa daidai, ambayo kwetu ni danzi. Pambo likiondolewa mimi naomba tunda. Kuna banpeiyu ya Yatsushiro, Kumamoto, furungu la kilo mbili na zaidi, ganda lake tu ni kazi ya jioni nzima. Ninayoipenda mimi ni hyuganatsu ya Miyazaki, ambayo mti wake wa kwanza ulionekana kwenye bustani ya nyumba ya mtu mwaka 1820. Unalimenya kwa kisu kama unavyomenya chungwa la barabarani, ile nyama nyeupe unaiacha, unakula nayo. Haina uchungu, ina utamu wake.

Mlioko Tokyo au Osaka, sudachi mbichi mtaziona kwa bei ya juu. Tafuteni chupa ya maji ya sudachi au kabosu ya asilimia 100, na msome kibandiko vizuri: ponzu, ile sosi ya Kijapani ya maji ya matunda haya, nyingi zina sosi ya soya ndani, na hiyo kwenye biriani haikai.