Siku moja maishani mwangu: mkalimani wa ishara Mombasa, na kazi ya mdomo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niko kwenye feri ya Likoni, navuka kwenda kisiwani. Injini inanguruma, watu wanapigiana kelele ili wasikizane, lakini vijana wawili viziwi wanazungumza kwa raha, mmoja huku na mwenzake kule mbele, vichwa vya abiria vikiwa katikati. Mmoja ana muguka shavuni. Mwenzake anamkatiza: tema kwanza, kisha sema. Ana haki. Katika lugha ya ishara shavu lililovimba husema jambo, mara nyingi ukubwa au wingi, na shavu lililojaa majani humchanganya anayetazama.

Wasiotumia lugha hii hudhani ni mikono tu. Mimi ni mkalimani, na siku nzima sehemu kubwa ya ninayoyatafsiri huyasoma usoni.

Saa mbili. Kliniki ya wajawazito. Nimeomba mapema chumba kiwe na wanawake watupu, kwa sababu dada ninayemkalimania huvaa nikabu. Mlango unafungwa, anaifunua, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kweli. Alipokuwa nje kwenye benchi niliziona ishara zake zote, lakini nilikuwa nikibahatisha nusu ya maana.

Sista, yaani muuguzi, anauliza kama tumbo linauma. Kwa ishara hilo ni swali la ndiyo au la, basi nyusi zangu zinapanda. Dada anajibu kwa ishara ya maumivu, midomo imelegea: yapo, ila yanavumilika. Halafu anairudia ishara ile ile chini ya kitovu, meno yameumana, macho yamefinywa. Mkono haukubadilika. Ningetazama mikono peke yake ningemwambia sista "anaumwa tumbo, na chini pia". Nilichosema ni "juu kidogo tu, chini makali sana", na sista akaacha kuandika, akaanza kumpima upya.

Wakati wa kupewa vidonge, sista, kwa moyo mwema kabisa, anamgeukia mwenyewe na kutamka polepole: "Me-za." Dada ananitazama, anauliza kama kuna malipo. Kwa jicho, "meza" na "pesa" ni kitu kimoja. M, b na p zote hufunga midomo vilevile, s na z hazitofautiani kwa kutazama, na irabu ni zile zile. Ndiyo maana "mama", "baba" na "papa" wa sokoni hufanana wakitamkwa bila sauti. K na g ndizo mbaya zaidi, zinatengenezwa nyuma mdomoni ambako jicho halifiki. Kwa hiyo kusoma midomo peke yake ni kubahatisha, hata kwa aliyezoea tangu utotoni. Mkono ukionyesha dawa na kunywa, na mdomo ukatamka "meza" kimya, pesa haiingii tena. Vinahitajiana.

Saa tano na nusu. Mahakamani. Kabla kesi haijaanza namwomba karani kwa heshima nihamie upande wa pili, maana dirisha lililo nyuma yangu linaufanya uso wangu kuwa kivuli. Mzee ninayemkalimania alisomea bweni, kwa Kiingereza, na midomo yake hutamka maneno ya Kiingereza. Dada wa asubuhi alikulia nyumbani kwa Waswahili, yake hutamka Kiswahili. Lugha yao ni moja, Lugha ya Ishara ya Kenya, ile iliyotajwa katika Katiba ya mwaka 2010, na ishara nyingi ni zile zile. Mimi nabadilisha mdomo kulingana na mtu. Kesi inaahirishwa.

Saa kumi na moja jioni. Darasa langu Tononoka, wanafunzi wote wanasikia: mhudumu wa duka la dawa, mwalimu wa madrasa, mama mwenye mtoto kiziwi. Hapa ndipo nguvu zangu zinapokwisha, na ndipo ninapopenda kuwa. Kuna wanaofumba mdomo kabisa, mikono yao inasema na uso umekufa. Kuna wanaosema Kiswahili kizima huku wakiashiria. "Hatutawapelekea" ni neno moja mdomoni, lakini mikononi ni ishara kadhaa zenye mpangilio wake, basi mdomo unamaliza kabla ya mikono, na anayetazama anapoteza vyote. Viziwi tunaojifunza kwao hutamka kipande tu, "peleka", na mengine huachiwa mikono, macho na nyusi.

Mwalimu wa madrasa anauliza kwa nini kitabu alichonacho kina picha za mikono tu. Namweleza kuwa William Stokoe wa Marekani, aliyeonyesha mwaka 1960 kuwa ishara ni lugha kamili, alichambua umbo la mkono, mahali pake na mwendo wake. Uso na mdomo vilikuja kuchunguzwa kwa kina baadaye. Kuna jambo jingine chungu. Mwaka 1880 mkutano wa walimu huko Milan uliamua watoto viziwi wafundishwe kwa kusema, na ishara zikafukuzwa madarasani katika nchi nyingi. Ukimwambia kiziwi mzee kuhusu mdomo, hukumbuka kulazimishwa kutoa sauti. Nawaomba wanafunzi wangu wasimguse mtu kidonda hicho. Mdomo ninaousema mimi ni wa viziwi wenyewe, wanautumia wao kwa wao pasipo mtu anayesikia.

Mama wa mtoto anajaribu: ishara ya mvua, mashavu yamejaa, pumzi inatoka kwa nguvu. Darasa zima linaelewa kuwa ni mvua kubwa. Anatoka mbio akamwonyeshe mwanawe.

Saa moja usiku. Taarifa ya habari, nyumbani kwa jirani yangu kiziwi. Sheria ya mwaka 2003 ilivitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani au maandishi kwenye habari, na mkalimani yupo, ndani ya kisanduku kidogo pembeni. Mikono inaonekana. Mdomo ni nukta. Jirani anasogeza kiti hadi kwenye kioo, kisha ananigeukia: nani kajiuzulu, waziri au katibu? Namjibu. Mada ya pili inaingia, anauliza tena. Tunamaliza habari hivyo, yeye akiuliza na mimi nikirudia, na kesho ataandika barua kwa kituo kuomba kisanduku kipanuliwe. Nitamsaidia kuiandika.